Kupika Chakula cha Sherehe: Anza na Maji, Saa na Daftari

Ukitembea huku Mbweni siku ya Jumamosi mchana hutakosa kuona turubai limefungwa kwenye ua wa nyumba fulani. Hapa ni sendofu ya binti, pale ni kipaimara cha kijana, mtaa wa pili ni kicheni pati ambayo akina baba hawaruhusiwi hata kuchungulia. Nyuma ya kila turubai kuna moshi, kuna masufuria makubwa, na kuna mama mmoja aliyejifunga kanga kiunoni. Wenye shughuli wanamtegemea mama huyo kuliko wanavyomtegemea mshereheshaji mwenye kipaza sauti. Muziki ukikatika, wageni watacheka na kusubiri. Chakula kikichelewa, kikipungua au kikiwaumiza watu matumbo, familia ile itasemwa kwa miaka mingi.

Akina mama wengi hutuuliza kama kazi hii yaweza kuwa biashara ya kutegemewa. Baadhi yao wamestaafu, wengine wana mishahara isiyofika mwisho wa mwezi, na wengine ni wajane wenye watoto shuleni. Jibu letu ni ndiyo. Lakini sisi tunaiona kazi hii kutoka pande mbili, yaani wodini kama wauguzi na jikoni kanisani kama wajitoleaji, na tumeona kwamba wengi huanzia mahali pasipofaa. Huanza kwa kununua masufuria, kushona sare na kuchapisha kadi zenye jina la biashara. Kumbe biashara hii husimama au kuanguka kwa vitu vitatu ambavyo mgeni havioni mezani: maji, saa na daftari.

KWA NINI KAZI IPO

Zamani chakula cha harusi hakikununuliwa kwa mpishi. Majirani walifika tangu jana yake na visu vyao, mbuzi za kukunia nazi na masufuria ya kuazimana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mchele, sukari na mafuta vilikuwa haba madukani, hata kupata gunia la mchele wa harusi ilikuwa kazi ya ukoo mzima. Serikali ilipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa mwaka 1984, vitu vilianza kurudi. Wakati huohuo mishahara ilikuwa haitoshi tena, na akina mama wengi wa Dar es Salaam waliingia katika kupika na kuuza: maandazi, vitumbua, na chakula cha mchana cha mama lishe. Wengi wa wapishi wa sherehe walijifunza kazi katika majiko hayo.

Mbweni yetu hii ya Kinondoni, si ile ya Unguja, nayo imebadilika. Mradi wa serikali wa viwanja 20,000 uliopima maeneo ya pembezoni mwa jiji kuanzia mwaka 2002 ulifika Mbweni, na familia nyingi zilikuja kujenga. Nyumba zina ua mpana na majirani wametoka mikoa mbalimbali. Wakwe kutoka Kilimanjaro watangojea ndafu. Wa Kagera watauliza ndizi ziko wapi. Wa Pwani hawataamini kwamba wamealikwa ikiwa hakuna pilau au biriani. Mama anayeweza kuwaridhisha wote hawa kwa sahani moja ana kazi ya kufanya karibu kila mwisho wa juma.

Jambo jingine lililozaa kazi hii ni kamati. Harusi zetu za mjini huendeshwa na kamati yenye mwenyekiti, katibu na mhazini. Ndugu, marafiki na wafanyakazi wenzao huandika ahadi, hulipa kidogo kidogo, na kupata kadi ya mtu mmoja au ya watu wawili. Kwa hiyo fedha anayopewa mpishi si ya bwana harusi peke yake. Ndani yake mna mchango wa mwalimu, wa dereva, na wa shangazi aliyeuza kuku zake kijijini. Ni amana ya watu wengi. Tukilikumbuka hilo, mengine yote tutakayoyasema hapa yataeleweka kwa urahisi.

KWANZA: MAJI

Wengi wetu tukiisikia habari ya arusi ya Kana tunakumbuka divai iliyopungua. Mama wa jikoni akumbuke pia ile mitungi 6 ya mawe: nyumba ile ilikuwa na vyombo vya kuwekea maji mengi kabla wageni hawajafika.

Kabla ya kukubali kazi yoyote, nenda ukaone maji. Usiulize kwa simu, kwa maana mwenye nyumba atakuambia maji yapo. Fungua bomba mwenyewe. Uliza kama kuna tangi na linachukua lita ngapi. Kama ni kisima, onja, kwa kuwa visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi na vitakuharibia wali na chai. Kama ni maji ya boza, uliza yametoka wapi. Miezi ya Oktoba na Novemba 2022 mto Ruvu ulipopungua, jiji zima liliingia katika mgawo wa maji, na sherehe zilizokwisha kupangwa hazikusubiri mvua. Sisi tunapopika kwa kujitolea hukadiria si pungufu ya lita 10 kwa kila mgeni, za kuoshea nafaka na mboga, kupikia, kunawia na kuoshea vyombo. Wageni 200 ni lita 2,000, yaani tangi kubwa moja zima. Kama halipo, gharama ya kulipata iingie katika bei.

Msisitizo huu una sababu. Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kililipuka Dar es Salaam, kikianzia katika Kinondoni hii hii, na baadaye kikasambaa katika mikoa mingi. Ugonjwa ule hupita katika maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Mtu mzima anaweza kupoteza maji mengi mwilini kwa saa chache tu na kufariki. Mikono ya mpishi mmoja yaweza kuufikisha kwa wageni 200.

Kwa hiyo weka kanuni hizi na usizilegeze hata kwa ndugu yako:

Maji ya kunywa, ya juisi na ya kuoshea kachumbari yachemshwe mpaka yatokote, au yatibiwe kwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti yake. Barafu itengenezwe kwa maji hayohayo. Wengi huchemsha maji ya kunywa kisha wakatia barafu ya maji ya bomba, na kazi yote ikawa bure.

Kila jiko liwe na ndoo yenye bomba na sabuni ya kunawia. Beseni moja la kuchovya mikono ya watu kumi halifai, maana huosha wa kwanza na kuwachafua tisa.

Anayeharisha au kutapika asishike chakula mpaka zipite saa 48 tangu apone. Mwenye jipu au kidonda mkononi apewe kazi nyingine, na mkato mdogo ufunikwe vizuri. Mlipe hata kama umempumzisha. Msaidizi anayejua kwamba atakosa posho yake ataficha ugonjwa.

Nyama mbichi na kuku mbichi viwe na ubao wao na kisu chao. Kisu kilichokata kuku kisiguse nyanya za kachumbari kabla ya kuoshwa kwa maji ya moto na sabuni.

PILI: SAA

Hapa ndipo sisi wauguzi tunapopata wagonjwa wetu. Kadi ya mwaliko inasema sherehe itaanza saa 12 jioni. Mpishi, akiogopa kuchelewa, anamaliza wali na nyama saa 8 mchana. Maharusi wanafika saa 2 usiku. Kuna utambulisho, keki, shampeni, zawadi na salamu za kila upande. Chakula kinafunguliwa saa 4 usiku. Kuanzia saa 8 mchana hadi saa 4 usiku ni saa 8 nzima, na joto la Dar es Salaam mnalijua wenyewe.

Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida zaidi ya saa 2. Vijidudu hustawi kati ya nyuzi joto 5 na 60. Chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60, cha baridi kikae chini ya 5, na wakati wa kupika, joto lifike angalau nyuzi 70 mpaka katikati ya pande la nyama. Kipimajoto cha jikoni si ghali. Ni kifaa kidogo kuliko mwiko, nacho kitakuepusha na fedheha kubwa.

Wali unahitaji maelezo zaidi, kwa sababu wengi huuona hauna hatari. Katika mchele mna bakteria aitwaye Bacillus cereus. Ukiupika mchele, bakteria huyu hufa, lakini mbegu zake zenye ganda gumu hubaki hai. Wali ukikaa vuguvugu kwa muda mrefu, mbegu huamka, huzaana na kutoa sumu. Sumu hiyo haiharibiwi na kupashwa moto. Mgeni anayeila huanza kutapika baada ya saa 1 hadi 6, yaani usiku uleule, na simu za lawama huanza kabla ya alfajiri.

Nyama iliyopikwa katika sufuria kubwa na kuachwa ipoe polepole nayo ina kijidudu chake. Hicho huleta msokoto wa tumbo na kuharisha baada ya saa 8 hadi 16 hivi. Hatari huwa kubwa katikati ya sufuria, ambako joto hukaa vuguvugu kwa muda mrefu. Ndiyo maana jikoni mwa nyumbani, kwenye sufuria dogo, huenda hukupata kuliona tatizo hili katika maisha yako yote. Kupikia watu 200 si kupikia watu 6 mara thelathini na kitu. Ni kazi nyingine.

Basi fanya hivi. Usiulize sherehe inaanza saa ngapi. Muulize mshereheshaji na mwenyekiti wa kamati chakula kinafunguliwa saa ngapi, na uhesabu kurudi nyuma kutoka hapo. Kazi za kuosha, kumenya, kukata na kusaga viungo zifanyike mapema. Michuzi ipikwe mchana na ikae motoni ikitokota kidogo kidogo. Pilau na wali vipikwe mwisho, katika masufuria mawili au matatu yanayopishana nusu saa, badala ya sufuria moja kubwa. Kachumbari ikatwe dakika za mwisho na ikae juu ya barafu. Saladi yenye mayonezi, kama huna friza ya uhakika, iache kabisa. Umeme ukikatika saa 1 usiku, mayonezi haitajali kwamba kamati iliilipia.

Na kama unapika Mbweni kwa ajili ya ukumbi wa Sinza au Mwenge, foleni ya Barabara ya Bagamoyo ni sehemu ya mapishi yako. Ama ubebe chakula katika vyombo vinavyotunza joto, ama upike hukohuko ukumbini.

Kuna desturi nyingine inayotusumbua: mabaki. Ikifika saa 6 usiku, wana kamati hufungiana nyama na pilau kwenda nyumbani kwa watoto. Ni tendo la upendo, lakini chakula hicho kimekaa mezani saa mbili au tatu. Ukitaka kuwapa watu chakula cha nyumbani, kitenge mapema kikiwa cha moto, na wakifika nacho wakile au wakiweke kwenye friji mara moja. Usikifunge kwenye mifuko ya plastiki ya kubebea, kwani ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Kilichokwisha kuzungushwa mezani kimwagwe.

Mwisho wa kila kazi, chukua vijiko vichache vya kila chakula, weka katika vikopo safi vyenye vifuniko, andika tarehe, na uvitunze kwenye friji kwa siku 3. Wageni wakiugua, afisa afya atakuwa na cha kupima. Mara nyingine kosa si la pilau lako bali la juisi iliyoletwa na mtu mwingine, na bila sampuli hutaweza kujitetea.

TATU: DAFTARI

Wako akina mama ambao chakula chao husifiwa kila mahali, lakini baada ya miaka miwili ya kupika hawana hata sufuria la ziada. Tatizo lao haliko kwenye chumvi. Hebu tufanye hesabu ya mfano. Bei hizi ni za kujifunzia tu. Wewe weka za soko lako za wiki hii.

Tuseme umekubaliana na kamati sahani 100 kwa sh. 15,000 kila moja, jumla sh. 1,500,000. Chakula chenyewe kimegharimu sh. 850,000. Gesi na mkaa sh. 60,000. Usafiri sh. 80,000. Wapishi wasaidizi 3 sh. 90,000. Vijana 6 wa kuhudumia sh. 120,000. Kukodi vyombo sh. 100,000. Maji, sabuni, barafu na tishu sh. 40,000. Jumla ya matumizi ni sh. 1,340,000, na zimebaki sh. 160,000. Wengi huishia hapo na kumshukuru Mungu.

Lakini sahani huvunjika, miiko hupotea na sufuria huchoka. Tenga sh. 75,000 kwa hilo. Sasa zimebaki sh. 85,000, nazo ni malipo yako ya siku tatu: ya sokoni, ya jikoni na ya kurudisha vyombo. Kisha wageni wanakuja 112 badala ya 100. Kila sahani ya ziada imekula chakula cha sh. 8,500, yaani sh. 102,000 kwa sahani 12. Faida imekwisha, na umetoa sh. 17,000 mfukoni mwako kuwalisha watu usiowajua. Wageni 12 tu.

Hao 12 hutoka wapi? Ni mpiga picha na msaidizi wake, mshereheshaji, watu wa muziki, mpambaji, madereva, walinzi, na wenye kadi ya mtu mmoja waliokuja wawili. Kamati huwasahau kwa sababu hawamo katika orodha ya wachangiaji. Wewe usiwasahau. Katika makubaliano andika mstari unaosema sahani za watoa huduma ni ngapi na nani anazilipia, na mstari mwingine unaosema kila sahani itakayozidi italipiwa kwa bei gani. Namna bora ya kuhesabu ni sahani zenyewe. Zipange katika mafungu ya 25, na mjumbe mmoja wa kamati azihesabu pamoja nawe kabla ya kufungua chakula. Baada ya hapo hakuna ubishi.

Kwenye meza ya chakula, nyama na kuku vipakuliwe na mhudumu wako. Wali na mboga wageni wajipakulie. Si uchoyo. Ni kuhakikisha kwamba mgeni wa meza ya mwisho anakula sawasawa na wa meza ya kwanza.

Kuhusu vipimo, andika kila unachopika mpaka upate vipimo vyako mwenyewe. Kwa kuanzia, kilo 1 ya mchele hutosha watu 7 hadi 8 ikiwa wali ndio chakula chenyewe, na watu 10 ikiwa kuna ndizi na viazi pembeni. Kilo 3 za nyama mbichi zikiiva hubaki kama kilo 2, kwa hiyo usihesabu vipande vya nyama ukiwa buchani. Wanaonunua kwa jumla hufuata mchele Tandale, ndizi na matunda Mabibo, na samaki Kunduchi au Feri. Nyama chukua kwa mwenye bucha ambaye mzigo wake umepita machinjioni na una muhuri wa mkaguzi. Wageni wetu ni Wakristo na Waislamu, na meza moja inawapasa wote kula kwa amani. Kama mwenye shughuli anataka kitimoto, kiwe na jiko lake, masufuria yake, mwiko wake na meza yake iliyoandikwa waziwazi. La sivyo, kataa.

Sasa kuhusu amana. Pokea malipo ya kwanza ili kushika tarehe, sehemu kubwa wiki mbili kabla, na kilichobaki siku 3 kabla ya sherehe. Usikubali ahadi ya kulipwa baada ya harusi. Kamati ikishavunjwa, mhazini hujikuta peke yake na madeni, nawe utakuwa wa mwisho katika mstari. Kila malipo yawe na risiti, na yakipita kwenye simu, tunza ujumbe wake. Fedha ya kila sherehe ikae peke yake. Mama anayechukua malipo ya harusi ya Juni kununulia kuku wa harusi ya Mei ameanza safari mbaya. Siku kazi zitakapopungua, kutakuwa na kamati moja ambayo fedha yake imeliwa na chakula chake hakipo. Kesi za namna hiyo huishia polisi, na mara nyingine huvunja hata vikundi vya akina mama vilivyoanza kwa sala.

Mkiwa kikundi, basi mtu mmoja ashike fedha, mwingine aandike daftari, na wote walisome daftari pamoja kabla ya mwezi kuisha. Na wasaidizi walipwe usiku uleule. Kijana aliyebeba sahani mpaka saa 7 usiku anataka nauli na chakula cha nyumbani.

SERIKALI NA MTAJI

Usiogope karatasi. Namba ya mlipakodi hutolewa bure na TRA. Jina la biashara husajiliwa BRELA, na leseni huombwa kwenye halmashauri, kwetu ikiwa Manispaa ya Kinondoni. Usimamizi wa usalama wa chakula ulitoka iliyokuwa TFDA na kwenda TBS mwaka 2019. Anza na afisa afya wa kata yako. Yeye atakuonyesha sehemu ya kupikia inatakiwa iweje na wapi pa kupima afya za wapishi, jambo linalorudiwa kila baada ya miezi 6. Mama mwenye vyeti hivi huingia hata katika kazi za maofisi na semina, ambako fedha hulipwa kwa mpango na chakula huliwa mchana, si saa 4 usiku.

Kwa mtaji, twashauri ukodi kabla ya kununua. Sufuria kubwa, vyombo vya bufee na sahani vyote vinakodishwa. Nunua kile tu ambacho daftari linaonyesha umekikodi mara nyingi. Halmashauri zina mikopo isiyo na riba inayotoka katika asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, na hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata itakueleza. Lakini ile mikopo ya mitaani iitwayo kausha damu, ikimbie. Hakuna pilau yenye faida ya kulipa marejesho ya kila siku.

Fikiria pia gesi. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kwa mpishi wa sherehe gesi ina faida ya haraka zaidi: moto hupunguzwa na kuongezwa kwa kugeuza kitufe, na kifua chako hakivuti moshi kila Jumamosi.

JIRANI ANAPOKUJA KUALIKA

Swali gumu kuliko yote si la mtaji. Ni hili: jirani mliyezoea kusaidiana naye anamwoza binti yake. Je, umtoze?

Sisi twaona hivi. Msibani hatutozi. Tukisikia kilio tunachukua visu vyetu na kwenda, kama mama zetu walivyofanya. Kazi za kanisa tulizojitolea nazo ni sadaka, na zisiingizwe katika biashara kwa mlango wa nyuma. Lakini sherehe yenye kamati, kadi na ukumbi imekwisha kumlipa mpambaji, mpiga picha na mwenye muziki. Mpishi naye anastahili ujira wake. Ukitaka kumpunguzia jirani, mpunguzie, lakini andika bei kamili, kisha andika punguzo lako kama zawadi. Hivyo yeye atajua umempa nini, nawe utajua umetoa nini. Manung'uniko mengi kati ya majirani hutokana na zawadi ambazo hazikutajwa.

Tena zungumza na watu wa nyumbani kwako mapema. Kazi hii huchukua Ijumaa usiku na Jumamosi nzima. Baba na watoto wakijua ratiba, watashika nyumba. Wasipojua, fedha utakayoileta itapokelewa kwa uso wa kununa.

PA KUANZIA

Usianze na harusi ya watu 300. Anza na ubatizo au kipaimara cha watu 30, chakula cha mchana, nyumbani, na aina chache: pilau, kuku, mchuzi wa nyama, mboga moja, kachumbari na tunda. Andika ulinunua nini, ulipika saa ngapi, kililiwa saa ngapi, kilibaki kiasi gani na ulibaki na shilingi ngapi. Ukishafanya hivyo mara tatu na hesabu ikakubali, nenda watu 60, halafu 100. Anayetaka kujifunza zaidi aulize kozi za VETA, SIDO au Chuo cha Taifa cha Utalii.

Mama mwenzetu, wiki hii tafuta daftari jipya. Ukurasa wa kwanza andika orodha ya maswali utakayoiuliza kamati yoyote itakayokufuata: maji ya lita ngapi, chakula kinafunguliwa saa ngapi, sahani ngapi, za watoa huduma ngapi, na malipo lini. Nakala yake ibandike ukutani jikoni. Kamati itakayokujibu maswali hayo yote, pika chakula chao kwa furaha. Itakayokuambia "tutaona huko mbele", waombee heri na uwaache watafute mpishi mwingine.